Tulifunguliwa Wangapi

Chamazi, Dar es Salaam
18 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mie mwanao Asifiwe sijambo. Wilfred naye hajambo, bado yuko Kurasini kwenye yadi ya makontena, anaondoka alfajiri na kurudi ananuka dizeli. Mjukuu wako Tusajigwe ndo usiseme. Ana mwaka mmoja na miezi minne, anatembea kama mtu aliyetoka kilabuni, na akianguka anajipa pole mwenyewe. "Pole," anajiambia, anainuka, anaendelea. Majirani wananiuliza nani kamfundisha, nami nawaambia ana bibi yake Tukuyu mwenye adabu.

Masikio yako vipi? Kama yule mtaalamu wa Mbeya naye hajayaweza, usihuzunike. Simu ni ya watu wenye haraka. Sie tutaandikiana hivihivi. Benson, kondakta wa basi la Tukuyu, anasema barua si mzigo, na kwa vile anakaa hapa Mbagala, akishuka zamu ananiletea mpaka mlangoni.

Ndoo ya unga wa lishe imefika salama. Asante sana, shangazi, umejichosha.

Sasa kuna jambo dogo, usiogope. Tusa amekuwa akivimba midomo. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi baada ya kula, nikadhani ni mdudu. Mara ya pili yakamtoka mabaka mpaka mgongoni. Pale zahanati wakasema ni joto la Dar. Mara ya tatu alitapika, kifua kikaanza kupiga filimbi, na Wilfred akambeba kwenye bajaji hadi hospitali kubwa. Kule daktari hakusema joto. Kasema inaweza kuwa aleji, yaani mwili unakataa kitu, na katupangia vipimo mwezi wa nne.

Huyo daktari anauliza maswali kama polisi. Alikula nini, baada ya dakika ngapi, alivimba wapi kwanza. Halafu akaniuliza: kwenye ukoo wenu kuna mtoto aliyewahi kuvimba hivi, au aliyekufa ghafla akiwa mdogo? Nikamwambia baba na mama yangu wameshafariki, najua tu kwamba kaka yangu Praygod alikufa kwa homa kabla sijazaliwa, mengine nitamuuliza shangazi aliyenilea. Ndo nakuuliza.

Mwanao,
Asifiwe


Tukuyu
10 Machi 2024

Kwa binti yangu Asifiwe,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Benson, nikaisoma mara mbili kwa sababu uliandika vizuri. Huku mvua hazijatuacha tangu Krismasi. Ndizi zipo, maharage yameoza kidogo, kwaya imeniondoa sauti ya pili kwa kuwa siisikii ya kwanza. Nimewasamehe. Masikio hayakufunguka, na macho nayo yameanza kukataa herufi za simu, lakini kalamu bado tunaelewana.

Habari ya mtoto kuvimba midomo imenisikitisha. Huenda ni meno. Mtoto wa umri huo akitoa magego hupatwa na mengi. La muhimu ni asikonde. Nimekutumia ndoo nyingine ya unga, na safari hii nimezidisha karanga. Nimezikaanga mwenyewe na kuzitwanga mpaka zikawa laini kama poda, hata mtoto asiye na jino atameza. Mpe asubuhi na jioni, mzito mzito.

Msalimie Wilfred. Mwambie asiache kuvaa koti alfajiri.

Swali la daktari wako nimelisoma.

Shangazi yako


Chamazi
5 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sie wote tunaendelea. Mvua huku zimekata njia, kwa wiki mbili tulikuwa tunavuka kwa mbao, na mechi zikichezwa pale uwanjani watu wanafika na matope mpaka magotini. Tusa anasema maneno matano sasa. La tano ni "sitaki".

Vipimo tumefanya. Nikueleze, maana mie nilikonda kwa hofu nikidhani wanamdunga sindano thelathini. Wiki nzima kabla tuliambiwa tusimpe dawa ya kuwashwa, kwa sababu dawa inainyamazisha ngozi, haitajibu ikiulizwa. Siku yenyewe nilimpakata, mgongo wake ukamwelekea daktari, mama mmoja mpole anaitwa Mwanaasha. Akaufuta, akachora vinamba vya kalamu, na pembeni ya kila namba akaweka tone: la maziwa, la yai, la samaki, la ngano, la soya, la karanga. Kila tone akaligusa na kidude cha plastiki chenye ncha. Kinakwaruza tu, damu hakitoi. Tone moja ni maji ya chumvi, hilo halitakiwi kuvimba. Jingine ni dawa inayovimbisha kila mtu, ili wajue ngozi haidanganyi. Tusa alilia kwenye tone la tatu, akamwambia daktari "sitaki", daktari akamwambia hata mie sitaki, mama.

Halafu kungoja dakika kumi na tano. Kazi yangu ilikuwa kumshika mikono asijikune. Vidoa vingine vilikaa kimya. Kimoja kikaanza kunyanyuka huku nakiangalia, cheupe katikati na chekundu pembeni, kinatanuka kama andazi kwenye mafuta. Daktari akakipima na rula. Akakipima tena.

Walichukua na damu. Majibu yake yamekuja Alhamisi, yanasema vilevile.

Shangazi, nilikuficha kitu, unisamehe. Kila mara alipovimba alikuwa ametoka kunywa uji wa unga wako. Niliona haya kukuandikia. Ile ndoo ya pili sikuifungua, niliwapa wenye kuku. Kwenye kadi yake daktari kaandika kwa herufi kubwa, MZIO WA KARANGA. Asiile, asiilambe, wala kijiko kilichoigusa kisimguse. Kasema uvimbe wa mgongoni unatuambia tu kwamba mwili umeshaijua karanga, hautuambii siku nyingine utakasirika kiasi gani. Nikamuuliza, kwa hiyo inaweza kuwa kidogo? Akasema inaweza kuwa kidogo, na inaweza kuwa ya mwisho. Akikua, miaka mitano hivi, huenda wampe punje palepale hospitali, kidogo kidogo, mbele ya madaktari na sindano ikiwa tayari, waone kama mwili umesahau. Lakini si sasa, na si nyumbani.

Na lile swali kaniuliza tena. Nimemwambia bado sijajibiwa.

Mwanao,
Asifiwe


Tukuyu
26 Mei 2024

Asifiwe,

Marahaba. Huku tu wazima. Shamba la chai la jirani yangu Didas limeng'olewa nusu, anapanda parachichi. Baridi imeanza kuuma mifupa.

Niambie jambo moja. Nani kamwambia daktari?

Neno hilo halijatoka nje ya mlango wa nyumba ya baba yako kwa miaka ishirini na zaidi. Wewe mwenyewe hukuambiwa. Leo mwanamke wa Dar es Salaam, asiyejua hata tulikotoka, anaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa kwamba mjukuu wetu ana mzio wa karanga. Kama hakuambiwa na mtu, basi mzio wenyewe umejisema.

Nilidhani umekwisha. Ndiyo maana nilitia karanga kwenye unga bila wasiwasi. Sasa sikiliza, kwa kuwa imebidi. Nyumba yetu ina mzio, yaani mwiko, wa karanga tangu babu yako alipokula zile zilizohifadhiwa kwa ajili ya matanga ya nduguye. Mtoto wa nyumba hii akila kabla ya kufunguliwa, anavimba. Dawa yake si kumkimbiza karanga maisha yake yote. Ni kumfungua. Baba yake mzazi anampakata, mtoto ameoshwa na kuvaa nguo safi, anampa punje kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya moja, hadi ya saba. Basi. Wewe ulifunguliwa ukiwa na miaka miwili, na umekula karanga maisha yako yote. Unakumbuka ulivyokuwa ukiiba kwenye ungo wangu?

Na huyo daktari wako anajua. Si umeandika mwenyewe kwamba atampa punje, kidogo kidogo, mbele ya watu? Tofauti yetu ni kwamba yeye anataka kungoja miaka mitano na sisi tunajua kwamba mzio ukingojwa hukomaa.

Mlete mwezi wa saba. Usimpe dawa zozote njiani.

Shangazi yako


Chamazi
16 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wilfred alikuwa na malaria, sasa kapona. Cherehani yangu imekatika mkanda, nimeazima ya jirani. Tusa mzima, kanenepa hata mashavu, tangu mwezi wa tatu hajavimba hata siku moja.

Barua yako niliisoma. Kosa ni la neno, shangazi. Mzio alioandika daktari siyo mzio wa ukoo. Ni Kiswahili chao cha aleji. Hajaambiwa na mtu, na hakuna kilichojisema. Kaniambia kuna watoto wa kila kabila wana mzio wa maziwa, wa samaki, wa yai. Hao nao babu zao wote wamekula ya matanga? Mie nimeishia kidato cha pili, sijui mengi, ila nilikiona kile kidoa kinanyanyuka, na mgongo ule haujui habari za babu.

Sitamleta mwezi wa saba. Unisamehe. Wewe ndiye mama yangu, sina mwingine.

Lakini nataka kuuliza, na safari hii nijibu. Umesema mie nilifunguliwa. Hukusema nilikuwa peke yangu. Tulifunguliwa wangapi?

Asifiwe


Tukuyu
7 Julai 2024

Asifiwe,

Marahaba. Huku ni baridi tu, tunalala na moto. Mchungaji amehamishwa. Ng'ombe wa Didas amezaa ndama wawili, mmoja hakusimama.

Hujanikosea. Binti aliyekaa Dar hujua kuandika "sitamleta" kama anavyoandika "asante". Nimekulea, najua wapi umejifunza ukaidi, ulijifunza kwangu.

Swali lako si la barua. Karatasi husomwa na watu.

Ndani ya kapu, chini ya parachichi, kuna bahasha ya mkwe wangu Wilfred. Imebandikwa. Usiifungue, mpe mkononi. Ni mambo ya baba wa mtoto.

Parachichi hazijaiva, zifunike kwa gazeti.

Shangazi yako


Chamazi
21 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Parachichi zimeiva, asante. Sie tupo. Simu yangu imezama kwenye ndoo ya nguo na fundi kasema haifufuki, kwa hiyo kama Didas akitaka kutupigia kwa niaba yako, apige kwa Wilfred.

Bahasha nilimpa. Alisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Nikamuuliza shangazi kasemaje, akasema ananisalimia. Jana nikafua lile shati na bahasha haikuwemo.

Shangazi, mie na Wilfred hatujawahi kufichana. Ni mtu wa utani, akirudi kazini anaanza na vituko vya madereva wa malori kabla hajavua viatu. Siku hizi anakaa anamwangalia mtoto anavyokula. Juzi kaniuliza kama kweli nataka Tusa aishi maisha yake yote anaogopa maandazi ya watu, na shuleni akipewa kashata na mwenzake afe kwa kashata. Nikamwambia ndo maana tunamfundisha kusema sitaki. Akacheka kidogo, si kicheko chake. Halafu akaniambia maneno ambayo si ya kwake: "Mzio ukingojwa hukomaa." Hayo ni yako. Yapo kwenye barua uliyoniandikia mwezi wa tano, ambayo sijamsomea.

Ulimwandikia nini?

Ni mwanaume mwema na anampenda mwanae kupita kiasi, na hilo ndo linalonitisha. Mwovu ningejua namna ya kumzuia.

Sikulaumu. Nakuomba tu, kama kuna kitu unakijua na hukisemi, kiseme sasa. Tulifunguliwa wangapi? Hii ni mara ya nne kuuliza, ukihesabu na za daktari.

Mwanao,
Asifiwe


Tukuyu
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Salamu sijaandika. Soma haraka.

Wilfred atamfungua mtoto Jumapili hii, tarehe nne, wewe ukiwa kanisani. Nilimpangia mimi. Punje saba zilikuwa ndani ya bahasha, kwenye kitambaa cheupe. Zitafute uzitupe chooni. Kama umeipata barua hii Jumapili, iache hapa uende nyumbani, utamaliza baadaye.

Jana, nilipoisoma barua yako, nilimtuma Didas apige simu ya Wilfred amwambie shangazi amesema acha. Sikumwambia Didas ni kuhusu nini, sikuweza kulitia neno hili kinywani mwa jirani. Wilfred akajibu: mwambieni shangazi asiwe na hofu, alishanionya kwamba nitaambiwa niache. Kweli nilimwonya. Nilimwandikia kwamba mzio hujitetea kwa vinywa vya watu, utamsemesha mke wako, utamsemesha hata mimi mwenyewe, wewe usisikilize, usiache katikati. Nimemziba masikio kama yangu. Karatasi peke yake sikuitaja, kwa hiyo naandika. Hapo stendi nitampa Benson na kumwambia asiilaze.

Mlifunguliwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Tupokigwe. Hukuwahi kulisikia jina hilo kwa kuwa nyumba nzima iliapa kutolitaja mbele yangu. Ni mwanangu. Nilimzaa mimi. Alikuwa na mwaka na nusu, alilamba kijiko cha mchuzi wa karanga akavimba midomo, akapona. Wazee wakasema afunguliwe. Baba yake alipofika punje ya nne mtoto alianza kukoroma, nikapiga kelele, tukaacha. Akafa kabla ya jua kuwa la utosi. Wazee wakasema amekufa kwa sababu tuliacha katikati.

Wa pili ni kaka yako Praygod. Si homa. Yeye hatukuacha. Nilimshika mikono mimi.

Wa tatu ni wewe. Ulifika punje ya saba ukaomba nyingine. Tulilia kwa furaha, wazee wakasema mzio umefunguka. Lakini wewe hukuwahi kuvimba, Asifiwe. Si siku hiyo, wala kabla yake. Hakukuwa na kitu cha kufungua. Hilo nimelijua tangu siku ileile, na kila ulipoiba karanga kwenye ungo wangu nilikuacha, ili nikuone ukila, ili lisiwe kweli.

Swali la daktari nililisoma mwezi wa pili. Nilikuwa na jibu mwezi wa pili.

Nenda.


Chamazi
18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sie tunaendelea. Nakuandikia nikiwa nyumbani, mlango uko wazi, Tusa anachora ukutani na mkaa.

Basi la Benson liliharibika Iringa, wakakwama hapo mpaka Jumamosi usiku. Alifika Mbagala Jumapili saa nne asubuhi, hakwenda kwake, akanifuata kanisani. Wilfred alikuwa amebaki na mtoto, kasema ana mafua. Mafua yenyewe sikuyaona, na niliondoka hivyohivyo, hilo najilaumu mwenyewe. Nilisoma nikiwa kwenye ngazi za kanisa. Nilipofika kwenye "iache hapa uende" sikuiacha, niliondoka nayo. Benson alikodi bodaboda, tukapanda watatu na dereva, nikaendelea kuisoma njiani.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikapita uani. Wilfred alikuwa amekaa kwenye kigoda, Tusa mapajani, kamvalisha lile gauni jeupe la ubatizo ambalo halimtoshi tena. Kitambaa kipo sakafuni, kina punje tano. Nikamwambia acha. Akaniangalia kwa huruma, shangazi, kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akasema kwa upole, "Niliambiwa utakuja." Akachukua ya tatu.

Sikumpigia kelele. Ningepiga kelele angeona ni ule mzio unajitetea. Nilimwekea barua yako juu ya mkono wake. Mwandiko wako anaujua, wewe huwa unaikata "t" kama unakata kuni. Akaanza kusoma, midomo inacheza. Mie nikamtoa mtoto mapajani, na tayari alikuwa anajikuna shingo, jicho moja limeziba. Akasema "pole" na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya kopo. Sijui Wilfred alifikia jina gani. Nilisikia karatasi inaanguka, halafu alikuwa mbele yangu anakimbilia barabarani, anasimamisha gari la mtu asiyemjua.

Walimchoma sindano ya paja tulipofika hospitali, na nyingine baada ya dakika tano, maana ya kwanza haikutosha. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Mie nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kugusa tumbo, kuna mahali nilihesabu nikakosa inayofuata, muuguzi akanisogeza pembeni. Ilirudi. Tulilazwa siku tatu.

Dk. Mwanaasha alikuja siku ya pili. Safari hii hakuuliza, alikaa tu kwenye kitanda. Nikamwambia mwenyewe. Nikamtajia Tupokigwe, mwaka na nusu, punje ya nne. Nikamtajia Praygod. Aliandika muda mrefu, halafu akaniuliza kama shangazi ana mtu wa kukaa naye huko. Nikasema hana. Akasema, "Mwandikie upesi."

Wilfred amerudi kazini. Hali chakula nyumbani, anasema ameshiba. Usiku anaamka kusikiliza kama mtoto anapumua, na mie najifanya nimelala ili nisimwambie chochote, kwa sababu bado sijui nitamwambia nini. Barua yako ameihifadhi yeye. Sijamwomba.

Sasa wewe. Nimeandika kurasa nne nikazichana. Katika moja nilikuita muuaji. Katika nyingine nilikuomba usijidhuru. Zote mbili nilizimaanisha, na leo sijui ni ipi ya kweli zaidi. Miezi sita, shangazi. Nilikuuliza kwa adabu miezi sita.

Lakini pia sijawahi kujua kwamba una mtoto. Umenilea, umeniosha, umenivusha shule, na kila siku ulikuwa unamwangalia aliyebaki.

Tusa anakuulizia kwa jina, maana nimemfundisha. Benson ana nafasi kwenye basi la Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Njoo. Nitakupokea mwenyewe stendi, na utalala chumba kimoja na mie, na Tupokigwe tutamtaja kwa sauti, hata kama huisikii.

Najua kwetu mtu haendi kumwona mjukuu bila kubeba kitu, na najua wanawake wa huko watakucheka ukipanda basi hivyo. Wache wakucheke. Usilete ndizi, usilete unga, hata maembe usinunue njiani. Mlangoni nitakusachi mifuko, nitakuosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, ndipo nitakupa mtoto.

Njoo mikono mitupu.

Mwanao,
Asifiwe